Salmonela ilivyojifunza kuzishinda dawa

Huku kwetu homa ikipita siku tatu tunasema: «Ni tifoide.» Mtu anaenda farmasi, ananunua vidonge vinne, akisikia nafuu anaacha. Hadithi hiyo kila mtu anaijua. Ya mikrobe yenyewe haijulikani sana.

Mwaka 1948 waganga waliona kwamba kloramfenikoli inaponya tifoide. Kabla ya hapo mgonjwa alilala na homa wiki tatu, nne, na wengine matumbo yalitoboka. Lakini mwaka 1972, kule Meksiko, ukazuka mlipuko mkubwa wa tifoide ambayo dawa hiyo haikuiweza tena. Watu wakahamia ampisilini na kotrimoksazoli, ile tunayoita Bactrim. Kufikia miaka ya 1990 kulikuwa na tifoide iliyozishinda zote tatu, kwanza Asia, halafu Afrika.

Wakaaji wa Kinshasa hawajasahau mwisho wa 2004: wagonjwa zaidi ya 42 000 kwa miezi michache, vifo 214, na karibu watu 700 waliooza au kutoboka matumbo.

Hata hivyo, kwa watoto wetu naogopa zaidi ndugu yake, salmonela isiyo ya tifoide. Ulaya huleta kuharisha siku chache, mara nyingi kwa sababu ya mayai au nyama. Huku inaingia ndani ya damu, hasa ya mtoto mwenye malaria, bwaki au upungufu wa damu, na ya mkubwa mwenye virusi vya Ukimwi. Pengine haharishi hata kidogo. Ni homa tu, na mama anadhani ni malaria peke yake.

Uchunguzi wa jeni uliotangazwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba aina yake inayoitwa ST313 ina matawi mawili; la pili lilisukuma la kwanza pembeni lilipopata uwezo wa kuivumilia kloramfenikoli, dawa tuliyoitumia miaka mingi. Mwaka 2019 watafiti, pamoja na wale wa INRB ya Kinshasa, wakaeleza chipukizi la tawi hilo hapa Kongo: linavumilia hata seftriaksoni, sindano ambayo waganga wetu wanaitegemea, na azitromisini pia.

Kulitambua kunataka kuotesha damu maabarani, kama wanavyofanya Kisantu. Vituo vingi vya afya havina chombo hicho, kwa hiyo munganga anakisia. Chanjo ya tifoide ipo. Ya huyu ndugu yake bado.