Mgonjwa Bila Daftari

Hospitali kuu ya Kisii, Kenya, ilianza mwaka 1916, Waingereza walipohitaji mahali pa kuwatibia wanajeshi wao wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Hospitali ya umri huo haikosi madaftari: la wodi, la maabara, la wajawazito, la waliofariki. Yote yanamtambua aliyefika. Kwa ugonjwa wa vali za moyo, anayepaswa kutafutwa ni yule ambaye hakurudi.

Ugonjwa wenyewe huanzia kooni. Mtoto wa Ogembo au Nyansiongo anaumwa koo kwa sababu ya bakteria wa streptokoka, koo linapona, na wiki chache baadaye viungo vinavimba. Kinga ya mwili imeanza kuushambulia mwili wenyewe. Homa hii ya baridi yabisi ikijirudia, vali za moyo hukakamaa au huvuja. Vali iliyoharibika nayo huwa maskani ya bakteria wengine, wanaoingia kwenye damu kupitia jino bovu au kidonda. Hayo ndiyo maambukizi ya moyo yaitwayo endokaditisi. Homa hupanda na kushuka kwa wiki kadhaa, na katika nyanda za juu za Gusii, yaani Kisii na Nyamira, zilizokumbwa na milipuko ya malaria miaka ya 1990, ni rahisi kusema ni malaria tu. Mgonjwa akishameza antibiotiki za dukani kabla damu yake haijaoteshwa maabara, bakteria huenda wasionekane kabisa.

Kinga ya kuzuia homa ya baridi yabisi isijirudie ipo, tena ya zamani: sindano ya penisilini ya kukaa mwilini, kila baada ya wiki tatu au nne, kwa miaka kumi au zaidi. Dawa si ghali. Kazi ngumu ni kujua nani alipaswa kuchomwa Jumanne iliyopita na hakutokea.

Afrika Mashariki ilishawahi kuufumbua mtihani kama huu. Mwaka 1977 Tanzania ilianza mpango wa kitaifa wa kifua kikuu na ukoma, na daktari Karel Styblo akasimamisha humo utaratibu wa daftari la wilaya. Kila aliyeandikwa katika robo ya mwaka alitolewa hesabu baadaye: amepona, amefariki, amehama au ametoroka matibabu. Hakuna aliyeruhusiwa kupotea kimyakimya. Kenya ilianzisha mpango wake mwaka 1980, na ulimwengu ukaja kuiga mtindo huo. Wanaodhani sajili, yaani daftari la kufuatilia wagonjwa, ni jambo la kompyuta na la Ulaya wakumbuke kwamba mfano wake bora ulijengwa kwa kalamu na karatasi, hapa jirani.

Kwa moyo, mambo yalikwenda kwa kusuasua. Shirika la Afya Duniani lilianza mpango wa sajili za homa ya baridi yabisi mwaka 1972, na kuanzia 1984 likaupanua hadi nchi 16, Zambia na Zimbabwe zikiwemo. Watoto wa shule zaidi ya milioni moja walipimwa. Kisha fedha zikaisha, na mwanzoni mwa karne hii mpango ukafifia. Sweden, kwa kulinganisha, imekuwa na sajili ya kitaifa ya endokaditisi tangu 1995.

Kati ya 2010 na 2012 sajili iitwayo REMEDY, iliyoongozwa na wataalamu wa Afrika Kusini akiwemo marehemu Profesa Bongani Mayosi, iliwaandika wagonjwa 3,343 wa vali za moyo katika nchi 12 za Afrika, Kenya ikiwa mojawapo, pamoja na India na Yemen. Umri wa katikati ulikuwa miaka 28. Theluthi mbili walikuwa wanawake. Takriban nusu tu ndio waliokuwa wakipata penisilini ya kinga, na ndani ya miaka miwili karibu 17 kati ya kila 100 walikuwa wamefariki.

Ila somo linaloihusu Gusii moja kwa moja limetoka Uganda. Sajili yao iliwaandika watu 1,504 kati ya 2010 na 2016, na ilipochambuliwa ikaonekana kwamba ni asilimia 57 hivi waliobaki wakihudhuria kliniki. Waliobaki, karibu wote walizipata sindano zao vizuri. Waliokuwa jirani na hospitali kubwa ndio waliodumu zaidi. Basi tuache kuwalaumu wagonjwa kwa ukaidi. Umbali una lawama kubwa.

Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 Kisii na 605,576 Nyamira, karibu milioni mbili kwa pamoja. Anayehitaji kupasuliwa moyo huweza kupelekwa Tenwek kule Bomet, au Nairobi, na kila hospitali humfungulia faili yake. Mfumo wa takwimu ambao Kenya iliusambaza nchi nzima mwaka 2011 unafanya kazi nzuri ya kujumlisha: fomu namba 705 huonyesha ni wangapi walitibiwa ugonjwa gani mwezi huo. Lakini mtu aliyefika mara tatu na watu watatu waliofika mara moja hufanana katika jumla hiyo. Ni hesabu inayofaa kuagizia dawa. Haiwezi kumwambia muuguzi wa Keroka kwamba msichana fulani amekosa sindano mbili.

Sheria ya Afya ya Kidijitali ya 2023 imefungua njia ya rekodi kumfuata mgonjwa, na ile ya Ulinzi wa Data ya 2019 inadai siri yake itunzwe. Mwaka huohuo wa 2023 serikali ilizindua takriban wahamasishaji wa afya ya jamii 100,000, wanaozijua nyumba kwa majina. Kaunti za Kisii na Nyamira zisingoje mfumo mkubwa kukamilika. Zianze na daftari moja la pamoja, lenye safu ya tarehe ya sindano ijayo, na kila Ijumaa mhamasishaji wa kijiji apewe majina ya waliokosa.