Maonesho na Mihadhara ya Kilima cha Makerere

Shule ya sanaa ya Makerere ilianzia kwenye baraza ya nyumba ya daktari. Mwaka 1937 Margaret Trowell, Mwingereza aliyesomea uchoraji katika chuo cha Slade jijini London, na ambaye mumewe alikuwa daktari wa hospitali ya Mulago, alianza kuwafundisha vijana wachache kuchora nyumbani kwake. Chuo chenyewe cha Makerere kilikuwa bado kichanga. Kilifunguliwa mwaka 1922 kikiwa shule ya ufundi yenye wanafunzi 14 wa useremala, ujenzi na ufundi mitambo, na sanaa haikuwamo katika masomo yake.

Trowell aliona mapema kwamba kazi za wanafunzi wake zisipotazamwa na watu, darasa lake halitapata mizizi. Mwaka 1938 zilioneshwa Kampala, na mwaka uliofuata zikavuka bahari hadi Imperial Institute, London. Baada ya hapo somo la sanaa likapata nafasi ndani ya chuo. Kwa hiyo Makerere maonesho yalitangulia shule, na mpangilio huo uliacha alama: kazi ya mwanafunzi haikuhesabiwa kuwa imekwisha hadi imewekwa mbele ya macho ya watu.

Namna yake ya kufundisha ilikuwa ya pekee. Hakuwapa wanafunzi picha za Ulaya wazinakili. Aliwasimulia kisa au mandhari, kisha kila mmoja akachora alichokiona akilini mwake. Njia hiyo ilizaa picha zenye uhai mwingi, ila ilikuwa na pingu ndani yake, kwa kuwa mwalimu ndiye aliyeamua ni lipi la Kiafrika na ni lipi la kuigwa. Trowell alipostaafu mwaka 1958, mrithi wake Cecil Todd aligeuza mkondo, akaingiza nadharia ya rangi na historia ya sanaa ya dunia.

Wanafunzi wa mwanzo ndio walioipa shule jina. Gregory Maloba kutoka Kenya alisoma uchongaji, akabaki kufundisha, na mwaka 1962 sanamu yake ya uhuru ikasimamishwa katikati ya Kampala. Mwanamke aliyefungwa vitambaa mwilini anamwinua mtoto juu ya kichwa chake, na mtoto naye amenyoosha mikono angani. Sam Ntiro wa Machame, Kilimanjaro, alichora migomba, kazi za ujima na sherehe za Wachaga. Picha yake ya mwaka 1956, ya wanaume wanaompelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku, imo katika makumbusho ya sanaa ya kisasa ya New York. Tanganyika ilipopata uhuru, mchoraji huyo ndiye aliyetumwa kuiwakilisha nchi London. Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu, alichora kuta za kanisa la Murang'a kwa sura za watu na milima ya Kenya, kisha mwaka 1965 akawa miongoni mwa waanzilishi wa Paa ya Paa, Nairobi, ambako wasanii wa Afrika Mashariki walipata jumba lao wenyewe la kuoneshea kazi.

Mihadhara ya hadhara ilishika kasi baada ya mwaka 1949, Makerere ilipokuwa chuo kikuu kishiriki cha London. Pamoja na hadhi hiyo ilikuja desturi ya profesa mpya kusimama mbele ya walimu, wanafunzi na wageni kueleza anachokisimamia katika fani yake. Juni 1962 chuo kiliwakusanya waandishi wa Afrika wanaoandika kwa Kiingereza. Walikuwapo Chinua Achebe, Wole Soyinka na Langston Hughes wa Marekani, na miongoni mwa wanafunzi alikuwamo kijana aliyeitwa James Ngugi, ambaye baadaye dunia ilimfahamu kama Ngũgĩ wa Thiong'o.

Ukumbi Mkuu wa chuo haukupata msemaji wa kumpita Ali Mazrui, mzaliwa wa Mombasa, profesa wa siasa tangu mwaka 1965. Mwaka 1970 alikabiliana hapo na mwanahistoria Walter Rodney aliyetoka Dar es Salaam. Rodney alisimama upande wa ujamaa na mapambano ya kitabaka. Mazrui, mwanaliberali asiyeona haya, alimjibu hoja kwa hoja. Mdahalo huo unastahili sifa yake. Hata hivyo uliendeshwa kwa Kiingereza, na wafanyabiashara wa Wandegeya, chini tu ya kilima, wengi wao hawakuwa na nafasi ndani yake. Katika jambo hili picha zilikuwa na upana kuliko maneno. Hazikumdai mtazamaji cheti wala lugha.

Utawala wa Idi Amin uliunyamazisha ukumbi. Mwaka 1972 makamu mkuu wa chuo, Frank Kalimuzo, alikamatwa na hakuonekana tena. Mwaka uliofuata Mazrui aliondoka nchini. Walimu wengi walitawanyika, na msemaji aliyebaki alilazimika kupima kila sentensi.

Yaliyoshindikana kusemwa hadharani yalichongwa. Francis Nnaggenda, mchongaji aliyefundisha katika shule hiyo ya sanaa, alilitoa ndani ya gogo umbo la mtu aliyepotelewa na viungo vyake lakini bado amesimama, akaliita mhanga wa vita. Sanamu hiyo iliwekwa katika maktaba kuu, mahali ambapo kila mwanafunzi anayekwenda kusoma hukutana nayo.

Shule leo inabeba jina la Margaret Trowell na ina jumba lake la maonesho ndani ya eneo la chuo. Jengo Kuu, lenye Ukumbi Mkuu, liliungua Septemba 2020, likajengwa upya kwa kufuata sura yake ya zamani na kufunguliwa tena mwaka 2024.