Urithi wa Kiambishi

Asimamaye Mchafukoge asubuhi, akatazama upande wa Kariakoo, huona msafara usiokatika: basi la abiria, lori la mchele, bajaji na mkokoteni. Vyote ni vyombo vya njia, na vyote hungoja zamu. Lakini neno "Ondoka!" kila kimoja hulitii kwa namna yake: lori kwa injini, mkokoteni kwa jasho la binadamu.

Foleni kama hiyo ndiyo iliyozaa fikira kubwa katika elimu ya kompyuta. Mwanzo wa mwaka 1967, Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard, wataalamu wa Norway, walikuwa wakitengeneza Simula, lugha ya programu ya kuigiza shughuli za dunia. Walifikiri juu ya kituo cha ushuru darajani, penye foleni ya malori na mabasi. Je, kanuni za kupanga foleni ziandikwe mara mbili, kwa lori na kwa basi? Waliepuka taabu hiyo. Waliandika jamii moja ya viungo vya foleni, kisha wakalitanguliza jina lake mbele ya jamii ya malori na ya mabasi. Kila moja ikarithi sifa za mzazi, ikaongeza zake. Mwaka uo huo wakampa mtoto ruhusa ya kutimiza amri ya mzazi kwa njia yake mwenyewe. Hiyo ndiyo polimofizimu: amri moja, utii wa maumbo mengi.

Na urithi huo waliuitaje? Waliuita kutia kiambishi awali. Neno la sarufi! Katika Kiswahili, shina -toto likivaa m- hurithi sheria za watu: mtoto amelala. Likivaa u- hurithi sheria nyingine: utoto umekwisha. Shina ni lile lile. Kiambishi ndicho kiletacho urithi.

Sidai kwamba Oslo ilijifunza kwetu. Nasema kwamba mwaka 1967, ulioanzisha Baraza la Kiswahili la Taifa, uliianzisha pia fikira ambayo lugha yetu ilikuwa na maneno ya kuieleza. Dahl na Nygaard walifariki mwaka 2002, na Java na Python zinautumia urithi wao. Wanafunzi wetu hukariri fikira hiyo kwa Kiingereza kama siri ya mbali. Mwalimu na aanze na mtoto na utoto. Mwanafunzi atatambua kwamba mlango aliokuwa akiubisha ni wa nyumba yao.