Jina Lililo Chini ya Birika

Ukiingia kwenye mnada wa vyombo vya zamani huko Uingereza, utawaona wazee wakishika birika la chai taratibu kama wanabeba mtoto mchanga, halafu wanalipindua miguu juu. Wanatafuta jina. Na kuna jina moja ambalo likionekana pale chini, mtu hurudisha birika mezani polepole, akijifanya hajaona kitu. Ni la Clarice Cliff.

Clarice alizaliwa 1899 Tunstall, mmoja wa miji sita ya wafinyanzi inayounda Stoke-on-Trent. Akiwa na miaka 13 aliacha shule akaingia kiwandani kupaka dhahabu kwenye vyombo. (Mimi niliacha chuo mwaka wa pili na nyumbani kesi bado haijaisha, kwa hivyo hapa nilisoma kwa makini.) Kawaida msichana akishajua kazi moja alibaki nayo, maana kuanza nyingine kulimaanisha kurudi kwa mshahara wa mwanagenzi. Yeye akahama tu. Mwaka 1916 alifika kiwanda cha A.J. Wilkinson, Burslem, na jioni alikuwa anasomea sanaa.

Wilkinson walikuwa wamenunua kiwanda jirani, Newport Pottery, na ndani yake stoo nzima ya vyombo vyeupe vya fasheni iliyopitwa, vingi vikiwa na kasoro. Hasara tupu. Mwaka 1927 Clarice akaachiwa avijaribu. Akavipaka pembetatu za rangi kali, machungwa, manjano, buluu, rangi nzito ya kufunika madoa. Akaviita Bizarre, yaani vioja. Hata ndani ya kampuni kuna walioshangaa vilipoanza kuuzika. Kwa lugha ya Gikomba, alipewa fagia akaiuza kama kamera.

Oda zikazidi mikono yake, akaajiri wasichana wa pale mjini, wengi wametoka shule juzi tu. Hapa ndipo mimi hukwama. Chukua mchoro wa Crocus wa 1928, ule wa maua madogo. Kila petali ni mpako mmoja wa brashi, bila kurudia. Kisha chombo kinapinduliwa, na majani membamba ya kijani yanavutwa kutoka upande wa pili. Ukikosea umekosea. Aliyejulikana sana kwa kuupaka ni msichana aitwaye Ethel Barrow. Lakini pindua kikombe cha Crocus: utasoma kwamba kimepakwa kwa mkono, kwamba ni Bizarre, ya Clarice Cliff. Ethel hayupo.

Simlaumu Clarice sana. Miaka hiyo, jina la mwanamke kutoka familia ya wafanyakazi kuwekwa chini ya chombo halikuwa jambo dogo, na mwenye kiwanda, Colley Shorter, aliona mapema kwamba jina hilo linauza. (Walioana 1940. Udaku ulikuwa umetangulia kitambo.) Lakini mkono ulioshika brashi ni mkono ulioshika brashi.

Vita Kuu ya Pili ikaja, serikali ikakataza vyombo vya mapambo kuuzwa nchini, na vita vilipoisha watu hawakutaka tena zile pembetatu. Shorter akafa 1963. Mwaka uliofuata Clarice akauza kiwanda na kujifungia nyumbani na bustani yake. Mwaka 1972 kukawa na maonyesho ya kazi zake Brighton. Mwaka huo huo akafariki.

Bei zikapaa baada ya hapo. Kufikia miaka ya 1980 nyumba kubwa za mnada zilikuwa zinapanga siku nzima za vyombo vyake pekee, na feki nazo hazikukawia. Ndiyo maana mnunuzi mjanja hutembea na taa ya mwanga wa urujuani, inayoonyesha pale ufa ulipozibwa na kupakwa upya. Anapitisha kidole ukingoni kutafuta palipomegeka. Tena anakumbuka kwamba dalali akigonga nyundo, bado kuna ada ya nyumba ya mnada juu ya bei hiyo.

Kitu cha kuchekesha ni kwamba anapopindua kikombe cha Crocus kusoma jina la Clarice, anakishika vile vile alivyokishika Ethel akipaka majani.