Wazee na Ng'ombe wa Kiangazi katika Nchi ya Juba

Huko Juba, mji mkuu wa Sudan Kusini, majira yanayokaza udugu wa watu na wanyama wao ni kiangazi, kianziacho Novemba hata Machi, mvua zikisha kukatika na malisho ya bara yakawa makavu. Miongoni mwa Wadinka, majirani wa kaskazini wa mji huo, kiangazi kiliwagawa watu wa nyumba moja kwa umri: vijana wa kiume na wa kike waliswaga makundi hadi kambi za mtoni, ilhali wazee aghalabu walisalia kijijini na ng'ombe wachache wa maziwa, ili wasikose riziki wala wenza.

Nasema wenza kwa kusudi, kwani kumhesabu ng'ombe kuwa mali tu ni kumdhulumu mwenye kumfuga. Kijana wa Kidinka alipoingia utu uzima alipewa maksai, akaitwa kwa rangi ya maksai huyo, akamtungia nyimbo. Na jina hilo likamfuata mpaka uzeeni, hata maksai mwenyewe akiwa amekwisha kufa zamani. Mabior ni fahali mweupe, Malual mwekundu, Majok mweusi mwenye mabaka meupe; na John Garang de Mabior, kiongozi wa waasi wa kusini aliyezikwa Juba Agosti 2005, alichukua sifa ya fahali katika jina lake.

Kwa Wamundari wa Terekeka, mwendo mfupi kaskazini mwa Juba, kazi za siku kambini zingaliko kama zilivyokuwa. Mchana mavi ya ng'ombe hutandazwa juani. Magharibi hukusanywa chungu chungu na kutiwa moto usiowaka kwa ndimi, bali unaofuka usiku kucha, moshi wake ukiwafukuza mbu na nzi, watu na ng'ombe wakilala pamoja kuuzunguka. Alfajiri hubaki majivu laini mno, ambayo mtu hujipaka mwilini, kisha akamsugua ng'ombe wake mgongoni, shingoni, mpaka kwenye shina la pembe, polepole, na mnyama akatulia tuli. Kwa mzee ambaye miguu haimwezeshi tena kufuata kundi, ndiyo kazi iliyobaki mikononi mwake, nayo ni kazi yenye taadhima.

Maisha haya yalianza kuvurugwa mapema. Mwingereza Samuel Baker alipofika Gondokoro, karibu na Juba ya leo, mwaka 1871 kuitwaa nchi kwa ajili ya Khedive Ismail wa Misri, Wabari, wenyeji wa hapo, walikataa kumuuzia ng'ombe, na askari wake wakawanyang'anya kwa nguvu. Wala sishangai kuwa watu walipigana, maana aliyechukuliwa zizini alikuwa na jina. Baadaye Waingereza wakahamisha makao ya jimbo kutoka Mongalla kuja Juba, ukakua mji wa ofisi na maduka, na kuanzia 1983 vita vya wenyewe kwa wenyewe vikausonga kwa wakimbizi. Disemba 2013 mapigano yalipozuka mjini humo, maelfu walikimbilia kwenye vituo vya Umoja wa Mataifa bila kitu mikononi, na huenda miongoni mwao walikuwamo wakongwe waliokuwa hawajapata kuamka asubuhi pasipo kusikia ng'ombe akilia karibu nao.

Mwaka 2015 Rais Salva Kiir aliamuru wafugaji waliokuja na makundi yao Equatoria, eneo la kusini ulimo mji wa Juba, warudi makwao, kwa kuwa mashamba ya wenyeji yalikuwa yakiliwa na damu ikimwagika. Malalamiko ya wakulima yalikuwa ya haki, nami siyapingi hata kidogo. Lakini kundi la mamia lipitalo juu ya mtama wa mtu si sawa na ng'ombe mmoja wa maziwa aliyefungwa nyuma ya kibanda cha ajuza pembezoni mwa Juba, na kila amri itakayotungwa juu ya mifugo ya mji huo yapasa kuwatenga hawa wawili waziwazi, ajuza huyo aachiwe ng'ombe wake, na mahali pa kumlishia panapo kiangazi.