MEYA ANASWA BILA BARAKOA KWENYE PAMBANO LA NGUMI!

Wadau, mnadhani kushusha barakoa kidevuni kulianza na Corona? Weee! Rudini San Francisco, Marekani, mwaka 1918.

Mafua makali yalikuwa yanapukutisha watu dunia nzima. Oktoba jiji likaamuru kila mtu avae barakoa ya shashi akiwa hadharani. Ukikamatwa bila nayo, faini au jela. Wengi walitii, ila wapo waliotoboa tundu mdomoni ili wavute sigara!

Sasa sikia kituko. Novemba, kwenye pambano la ngumi, mpiga picha akafanya yake. Picha kutoka, nani anaonekana uso wazi? Meya mwenyewe! Pembeni yupo daktari mkuu wa jiji, yule yule aliyekuwa anahimiza barakoa kila siku. Wote wakapigwa faini, meya akalimwa dola 50.

Tarehe 21 Novemba, saa sita mchana, king'ora kikalia: amri imeisha. Watu wakazivua na kuzitupa barabarani kwa shangwe. Kumbe ugonjwa bado upo. Januari 1919 ukapanda tena, amri ikarudi, lakini safari hii wananchi wakagoma mpaka wakaunda umoja wa kupinga barakoa. Februari mosi ikafutwa.

Zaidi ya watu 3,000 walikufa jijini humo.

Watu hawasikilizi tu mkubwa anasema nini, wanamtazama usoni. Ungekuwa wewe, baada ya picha ile, ungeendelea kuvaa?