Nani Alimpa Mwami Kiti?

Tukitoka Mbarara kwenye taksi, mzee mmoja wa Rwanda aliniambia mwami alichaguliwa na Imana, hakuna ubishi. Basi nikamuuliza habari za Musinga. Mwaka 1931 Wabelgiji walimwondoa, na Askofu Classe akawaunga mkono. Mwami alikuwa amekataa ubatizo. Sasa, Kardinali Bellarmine alishaandika, zaidi ya miaka 300 kabla, kwamba mamlaka hutoka kwa Mungu lakini humfikia mfalme kupitia watu. Haya, Wanyarwanda waliulizwa na nani? Hakuna. Mwanawe, Rudahigwa, ndiye aliyewekwa. Akabatizwa 1943, na 1946 akaikabidhi nchi kwa Kristo Mfalme. Musinga alikufa 1944, uhamishoni Kongo. Mzee alinyamaza mpaka tulipokaribia Nakivale, ndipo akasema: “Kumbe naye alikuwa mkimbizi.”